Mmarekani Wako na Mmarekani Wangu

Cabinda, 9 Machi 1986

Mdogo wangu Domingas,

Hujambo wewe, na mguu wako haujambo, na majirani wa Kinshasa bado wanagombana? Sisi wazima, tunakula. Mimi bado nauza chikwanga za muhogo na samaki nje ya lango la kampuni ya mafuta. Basi sikia vituko. Kampuni ni ya Wamarekani, ila walinzi ni Wakuba, makomunisti wenyewe. Nilimuuliza daktari wao, Reinaldo, anayekula kwangu kila siku, kwani adui yenu si Mmarekani? Akasema ndiye. Sasa mbona unamlindia mali yake? Akaomba pilipili.

Na Quintino mwanao yu wapi? Barua nzima hukumtaja.

Dada yako,
Felismina

Kinshasa, 2 Mei 1986

Dada Felismina,

Shikamoo. Mguu unaendelea vizuri. Quintino nilikuficha, nisamehe. Yuko na wapiganaji wa msituni, wanaotaka kuwatoa makomunisti huko kwetu. Silaha wanaletewa na Wamarekani, na buti mpya kapewa. Juzi kapita hapa, kanenepa, anasema wanakuja Cabinda kulipua bomba la mafuta. Si ndipo unapouzia? Ukisikia kishindo, kimbia. Na ukimwona mwanangu, mfiche. Sina mwingine.

Mdogo wako,
Domingas

Cabinda, 15 Mei 1986

Mdogo wangu,

Salamu baadaye, kwanza nieleweshe. Mmarekani wako ampe mtoto baruti aje alipue bomba la Mmarekani wangu? Wamegombana, au hawajuani? Nimewauliza wenzangu sokoni, bila kumtaja mtoto, hata mimi kuna siku nafunga mdomo. Mmoja kasema labda Marekani ziko mbili, kama Kongo. Tumekubaliana ni hivyo, maana vinginevyo haiingii akilini.

Mwambie Quintino asije. Kwanza amuulize Mmarekani wake kama anamfahamu wangu.

Dada yako,
Felismina

Cabinda, 20 Julai 1986

Domingas,

Kaa chini. Quintino ninaye, mzima. Barua yangu haikumwahi. Aliingia kwa mlango wa jikoni, risasi ya Mkuba pajani. Buti nikazitupa chooni, nikampeleka kwa Reinaldo, nikasema huyu mwanangu, mvuvi, kapigwa akitega nyavu karibu na bomba. Akaitoa risasi, kwa dawa za kampuni. Yaani nimshukuru nani, nimlaani nani, hata sijui.

Alipomaliza akaniangalia. "Mama Felismina, si uliniambia huna mtoto wa kiume?"

Nikamwambia, "Na wewe si uliniambia Mmarekani ni adui yako?"

Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akamwandika daftarini, mwanangu, kwa jina nililomtajia.

Mtoto kaniuliza sasa yeye ni mateka wa nani. Nimemwambia ale kwanza.

Ila barua za kutoka Zaire siku hizi zinafunguliwa, na askari wameshaanza kuulizia mvuvi mgeni. Hii anakuletea mama muuza mihogo wa sokoni kwetu, kaishona kwenye upindo wa kitenge. Ukishaisoma ichome. Usijibu, mdogo wangu, hata asante. Usimtume mtu na salamu. Najua ninachokuomba. Mtu akikuuliza, huna mtoto.

Mama yake