Usiyang'oe Matoka ya Baba

Doha, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane.
Huu ni mwaka wa tatu tangu nitoke Manyatta.

Mdogo wangu Njiru,

Bwana asifiwe. Nimeanza hivyo kwa sababu Mama aliniambia siku hizi mtu akikuuliza habari yako huitiki mpaka aseme Bwana asifiwe. Basi nimesema, nawe uitike hukohuko uliko. Miguu ya Mama imepata nafuu? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Na baridi imepungua ama bado mnaota moto jikoni mchana? Huku joto limetushika shingo. Adhuhuri kazi husimamishwa, kwa sababu vyuma vya jengo vinaunguza mkono hata ukivaa glavu. Tunalala kivulini, nami nikifumba macho naona ule ukungu unaoshuka kutoka mlimani mpaka kwenye kahawa, na namsikia Mama akikohoa kwa moshi huku akigeuza nduma kwenye sufuria. Nazifikiria hizo nduma mpaka mate yananijaa kama mtoto.

Nimepata video yako. Suti imekukaa vizuri. Nimeona kinanda, nimeona spika kubwa juu ya pikapu pale sokoni, na nimekusikia ukisema walioinua mikono ili waokoke wasimame wahesabiwe. Wenzangu wa chumba walitazama pia. Okello, Mganda anayelala kitanda cha chini yangu, akasema, "Huyu ndugu yako ana sauti. Akija huku watampa kazi ya kuita watu chakula." Tulicheka, usikasirike. Mimi nilijivuna. Niliwaambia huyo ndiye mtoto aliyekuwa akilia mwalimu akimwambia asome mbele ya darasa.

Lakini ujumbe uliokuja nyuma ya video ndio umenifanya nitafute kalamu, kwa sababu kwa simu unanikatiza na kuanza kuhubiri. Unasema unataka kujenga kanisa la mabati kwenye ile sehemu ya kando ya barabara, kati yetu na Mama Ireri. Unasema ni yetu, Baba aliitoa tu kwa sababu moyo ulikuwa umemjaa siku hiyo. Eti Mama Ireri amezeeka, mwanawe yuko Nairobi hana haja na shamba, na matoka ya mpakani yanaweza kung'olewa asubuhi moja. Tena unasema ni kwa kazi ya Mungu.

Njiru, wakati huo wewe ulikuwa unabebwa mgongoni. Wacha nikueleze nilichoona.

Unajua kwetu mpaka ni matoka, yale maua yenye kiazi kikubwa ardhini, na mtu hayapandi peke yake. Lazima wa upande huu awepo na wa upande ule awepo. Lakini mzee Ireri, mume wa Mama Ireri, alipokufa, Baba alianza kuyahamisha kila msimu wa kulima, jembe moja tu kwa upande wa mjane, halafu anasawazisha udongo. Mpaka siku moja mistari miwili ya kahawa yetu ikawa imesimama ndani ya shamba la mama wa watu. Majirani waliona. Lakini Baba alikuwa mkali, na alikuwa akinywa. Nani angemwambia?

Halafu Jumapili moja akaja kanisani mzee mgeni, ametembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto Kapingazi, viatu vimejaa matope. Hakuwa na spika. Hata sauti yenyewe ilikuwa imekwisha, sisi wa viti vya nyuma tulisikia nusu. Alisoma habari za Zakayo, yule aliyewarudishia watu alichowadhulumu, akasema maneno machache, akaketi. Hakuuliza nani anataka kuokoka. Tulirudi nyumbani na Baba hakula.

Jumatatu asubuhi, wakati kila mtu yuko shambani na anaona, Baba alichukua jembe akaenda mpakani akamwita Mama Ireri. Yule mama alitoka na panga mkononi. Alidhani ugomvi umekuja.

"Baba Mugendi, umelewa asubuhi yote hii?"

"Leo ndiyo sijalewa. Njoo unionyeshe mpaka ulikuwa wapi."

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyeuhamisha?"

"Ni mimi. Ndiyo maana nataka useme wewe."

Mama alifika akikimbia, wewe mgongoni unaruka kama mzigo uliofungwa vibaya. "Na kahawa yangu?" akapiga kelele. "Imeiva hiyo!"

"Imekunywa maji ya shamba la mtu," Baba akamwambia. "Iache hapo hapo."

Mama Ireri alitembea polepole, akasimama, akakanyaga chini kwa kisigino. Baba akaanza kuchimba. Alitoa kiazi kimoja kimoja, Mama Ireri akikishika wima wakati Baba anafukia. Nilikuwa darasa la sita, na sijawahi kuona mtu mzima akifanya kazi nzito namna ile huku uso wake umetulia.

Sasa sikia hili, mdogo wangu. Baba hakutuambia ameokoka. Jioni Mama Ireri alikuja na kibuyu cha uji, akamwambia Mama, "Mume wako ameokoka, na nyinyi hamjui?"

"Nani amesema?"

"Mimi nimesema."

Hivyo ndivyo tulivyopata habari. Na pombe aliiacha, na ukali ulimtoka kidogo kidogo. Lakini hakuna aliyemhesabu.

Sisemi wokovu wako si wa kweli. Moyo wako siuoni, na mimi mwenyewe siwezi kuapa kwamba nimeokoka. Huku tunakutana Ijumaa, tunaimba kwa sauti ndogo. Kuna mhubiri kutoka nyumbani anayekuja, anatabiri kila mtu atapandishwa cheo, halafu anasema inueni mikono. Nimeinua mikono hii mara nyingi, Njiru, nayo imechoka kwa kubeba matofali. Kesho yake namtukana Okello kwa ajili ya birika la chai. Mhubiri hajawahi kurudi Jumamosi kutuuliza tunaendeleaje. Anakuja Ijumaa nyingine na kutuambia tuinue mikono upya. Nikiona hivyo namkumbuka yule mzee wa viatu vya matope, na namkumbuka Baba na jembe lake.

Ukijenga pale, kila atakayeingia atakuwa amekanyaga kitu pekee Baba alichotuachia cha kuonyesha kwamba Mungu aliwahi kupita kwetu. Na Mama Ireri, aliyetuletea habari njema na kibuyu cha uji, atasikiliza spika yako akiwa amelala kitandani. Utamhubiria nini?

Basi chukua sehemu yangu. Ile ya juu, kwenye migomba, nilipopima nyumba yangu kwa hatua kabla sijaondoka. Unajua nimekaa huku kwa sababu ya nyumba hiyo. Jenga kanisa hapo. Ni mbali na barabara na kuna mlima kidogo, watu watatembea. Yule mzee pia alitembea. Mimi nitatafuta pembe nyingine, ama nijenge nyuma ya jiko la Mama.

Msalimu Mama, umwambie nguo ya baridi aliyonishonea naiweka chini ya mto ingawa haina kazi huku. Msalimu dada yetu aliyeolewa Meru mjini na watoto wake, na shemeji anayetengeneza tuk-tuk. Msalimu Mama Ireri, uende wewe mwenyewe kwa miguu, usimtume mtu.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili, na kabla ya Krismasi nitakuwa nyumbani. Usije kunipokea na kwaya. Nitapita njia ya chini, ya mtoni, ili nifuate mpaka wote hadi juu. Nikikuta matoka yamesimama, Jumapili yake nitaketi kiti cha mbele cha kanisa lako, hata kama bado ni turubai. Nikikuta yameng'olewa, sitagombana nawe. Nitaingia ndani, nichukue jembe la Baba, nimwite Mama Ireri.

Kaka yako,
Mugendi