Miguu ya Deusi kwenye Picha

Jumapili jioni, Igogo

Sijui nimwambie au ninyamaze.

Leo nilipopiga mbizi ziwani masikio hayakuuma kabisa. Nilibana pua, nikapuliza kidogo kidogo, nikashuka kando ya jiwe kubwa lililochomoza juu ya maji, kama mtu anayeshuka ngazi za kwao. Samaki wawili aina ya furu hawakunikimbia. Nikawapiga picha, kisha nikageuza kamera juu kupiga mwanga.

Deusi ndiye aliyenifundisha, na sharti letu ni moja: mmoja akizama, mwenzake anaelea juu yake, uso majini, anamwangalia.

Nilipoibuka alikuwa majini kando ya jiwe, mrija wa kupumulia mdomoni. Akautoa. "Nilikuwa nakuona muda wote. Umeshuka vizuri, dada."

Nimefurahia maneno hayo hadi nyumbani.

Sasa hivi nimezifungua picha. Zinazoelekea juu ni tano. Nne zina mwanga mtupu. Ya tano, pembeni kabisa, ina miguu yake ikining'inia majini kuanzia magotini. Alikuwa amekaa juu ya jiwe.

Na mimi nilikuwa najisifu kwa ule utulivu. Nilitulia kwa sababu nilijua yupo.

Kumbe kule chini nilikuwa peke yangu.