Hamsini Kabla ya Daraja

Jumatatu, 3 Machi

Kamera imenimulika tena! Mteremko ule ule, kabla ya daraja. Natoka themanini, nakanyaga breki, lakini gari limejaa mikate, kreti hadi darini, linajisukuma lenyewe. Hamsini na nne. Kibao cha hamsini kimejificha nyuma ya bango la tangazo la saruji — ukikiona, umeshapigwa picha. Mara likaja gari jeusi la wakubwa, likanipita vuu! Mwanga haukuwaka. Kumbe kamera nayo ina adabu, inajua nani wa kumkodolea macho.

Kishungi kando yangu anacheka. Eti, mama, lakini ulitabasamu? Binti huyu! Miaka kumi na mitatu, mdomo wa bibi kizee. Namshusha shuleni ng'ambo ya daraja, ndipo naanza kusambaza madukani.

Miezi mitano sasa tangu tutoke kwa baba yake. Hajui tuliko. Usingizi umeanza kurudi.

Jumatano, 5 Machi

Trafiki kanisimamisha, kaingiza leseni yangu kwenye kimashine chake. Makosa matatu ya spidi, mama. La nne, leseni inafungiwa mwaka mzima. Kwani hupati meseji?

Meseji gani?

Kila kosa, kasema, linatumwa kwenye simu yako. Picha, mahali, saa. Kiwandani kwenu wanataja dereva wa zamu kila asubuhi, sistimu inatuma papo hapo. Nikamwambia sijapata hata moja. Akanitazama kama mwongo. Inakwenda kwenye namba inayoishia sabini na saba, mama.

Sabini na saba! Laini hiyo niliiacha kwenye droo, kule kwake. Tena imesajiliwa kwa kitambulisho chake yeye, alininunulia enzi zile tukipendana. Siku ya kukata leseni yeye ndiye aliyetaja namba, mimi nimempakata Kishungi mchanga, nasema ndiyo, ndiyo.

Labda laini imekufa. Ee Mungu, iwe imekufa.

Ijumaa, 7 Machi

Haijakufa.

Dada yangu kapiga. Shemeji yake huyo, baba yake Kishungi, anatamba kwa kinyozi: mke wangu anaendesha gari la mikate, saa kumi na mbili na robo yuko darajani, kajifunga kilemba cha kijani. Kilemba cha kijani nilikivaa Jumatatu tu! Halafu akawazungushia watu picha. Dada kaiona kwa macho yake. Anasema Kishungi katoka vizuri sana, mpaka nembo ya shule kwenye sweta inasomeka.

Siku natoka aliniambia niende zangu popote, lakini mtoto atamchukua na sitamwona tena. Huyu akisema anafanya. Bega langu la kulia ni shahidi.

Nimehama nyumba, nimebadili simu, nimeacha mpaka kwenda kwa mama yangu mzazi. Na leseni yangu mwenyewe inampelekea habari! Nina hasira hata chai haishuki.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisi ya leseni. Karani ni mama wa makamo, miwani kwenye kamba. Nataka kubadili namba ya simu. Rahisi tu, mdogo wangu, akabonyeza, akasema haya, nisomee namba ya siri uliyotumiwa.

Imetumwa wapi?

Kwenye namba yako ya zamani.

Nilicheka. Wallahi nilicheka, watu wakageuka. Kisha nikamweleza yote kwa sauti ya chini, foleni nzima imetega masikio. Akavua miwani. Pole, mdogo wangu. Lakini sistimu haina mume wala mtalaka, inachotaka ni namba ya siri, au huyo mwenye laini aje mwenyewe athibitishe. Aje mwenyewe! Nimlete kwa mkono wangu!

Nikauliza, na yale magari meusi mbona hayamulikwi? Akanong'ona kwamba namba zao zimetolewa kwenye sistimu, kwa ajili ya usalama wao. Usalama wao. Nikabeba mkoba wangu nikatoka, ningevunja kioo cha watu.

Polisi nako nimefika. Askari wa mezani kasema mambo ya mke na mume yamalizeni nyumbani, na ni kosa langu kukimbiza gari.

Narudi ndipo nikagutuka: ile namba ya siri imeshalia kwenye simu yake. Anajua nimeshajua.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwomba bosi wangu, Mzee wa Saa, anibadilishie njia. Njia gani, mama? Daraja ni moja. Na kile kidude chini ya dashibodi kinamwonyesha kila ninaposimama. We endesha polepole, kasema, kamera haitakugusa. Huyo akarudi kutazama saa yake, kashamaliza shida zangu zote.

Kumtoa Kishungi shuleni? Mtihani wa mwisho unaanza Jumatatu ijayo. Akiukosa, mwaka wote umekwenda na maji. Nimemwambia ukweli, hakuna namna. Hakulia. Kavua sweta, kaligeuza nje ndani, kalivaa. Nembo haionekani sasa, mama.

Aliyelia ni mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Arobaini! Nashuka kwa arobaini. Nyuma honi, matusi, dereva wa lori kaniita konokono. Niite utakavyo, baba. Hakuna mwanga, hakuna picha. Leo nimekula nikashiba.

Jumatatu, 17 Machi

Juu ya mteremko, kando ya barabara. Injini nimezima. Naandika juu ya usukani, nisipoandika nitapiga kelele.

Yuko chini ya nguzo ya kamera. Lile koti la kahawia nalijua hata kwenye giza.

Arobaini yangu! Pale kila gari linapunguza mwendo, mtu akiingia barabarani tu unasimama. Na mlango wa upande wa Kishungi haushiki loki, nimelalamika tangu mwaka jana. Nikipita mbio, ni la nne: leseni kwaheri, kazi kwaheri. Nikigeuza, mtihani ni saa mbili na daraja ni moja.

Magari ya mikate yanashuka, ya wenzangu, yote meupe, yote sawa. Yeye hayasimamishi.

Kishungi yuko sakafuni, kajifunika turubai la kreti. Anauliza kwa kunong'ona, tumefika? Bado, mama. Bado kidogo. Anarudia jedwali lake la kemia humo chini, nasikia.

Bosi anapiga simu. Anaona nimesimama. Sipokei.

Gari jeusi limenipita sasa hivi, vuu, likashuka mpaka darajani. Mwanga haukuwaka. Mwenye koti hata hakugeuka. Hatazami barabara kabisa. Kainamia simu mkononi, anasubiri ilie. Na kwa arobaini hailii.