Koko Albertine alivyosimama kanisani

Faida, we! Ndio tunatoka kanisani.

Pasteri alihubiri juu ya kutoa mimba. Akapiga meza: "Kanisa imalize zambi hii!" Wote tukasema amina.

Halafu koko yangu Albertine, mama ya baba, akasimama. Koko, mutu wa miaka themanini na tano!

Akasema: "Wakati wa Wabeleji, mwaka wa 1956, nilikuwa na mimba bila bwana. Nikashika njia ya kwenda kijiji cha Wamaza kutafuta dawa ya kuitoa. Mama Cécilia, muke ya mwalimu wa misioni, akanikuta njiani. Hakunihubiria. Akanitua kitunga cha nguo nilichobeba kichwani, akasema: twende kwangu. Nikakaa kwake miaka mbili."

Kisha akamuonyesha baba yangu kwa kidole: "Mimba ile ni huyu."

Baba yangu, Faida! Na kravati yake shingoni! Hakujua kitu!

Koko akauliza: "Leo nani atamutua binti mwingine kitunga?" Pasteri akatazama viatu vyake.

Baba akasimama, machozi mpaka kwenye kravati: "Kwangu iko chumba."

Faida, chumba kile ni changu! Niwekee nafasi kwako, nakuja na godoro.