Wavulana wa Mama Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba 1969
Masoud anaharisha damu tena. Mara sita toka alfajiri! Miaka mitatu, na bado anaingia kwenye nguo za mwaka mmoja. Jipu la shingoni limepasuka, jingine linachomoza kwapani. Watu wananiambia ni maji ya mfereji. Kikwajuni nzima tunakunywa maji hayo hayo! Mama anataka mwanangu akachanjwe chale. Nimekataa — kidonda cha mtoto huyu hakifungi. Kaninunia. Na anune.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimempeleka Masoud hospitali peke yangu. Mume wangu Silima hakuruhusiwa kutoka kazini bandarini, meli imeingia. Daktari mpya, mwanamke wa Kijerumani, Kiswahili cha kuungaunga ila mikono yake ina huruma. Katazama majipu, kabonyeza tumbo, kasema haya si maradhi mawili, ni moja. Kisha kauliza: mama yako alizaa wavulana? Nikajibu tuko wasichana wawili tu, mimi na mdogo wangu Wanu. Akaandika.

Jumatano, 15 Oktoba
Nyumba imejaa watu. Harusi ya Wanu na Msabah ni Ijumaa ya wiki ijayo. Shangazi Mwanapili kaja kutoka Kizimkazi kusaidia kuchambua mchele. Kumwona Masoud tu, kilio: Mjaka mtupu huyu!
Mjaka nani? nikauliza. Mama akamkata jicho.
Nikamvuta shangazi uani. Kumbe Mama alizaa wavulana wawili kabla yangu. Mjaka na Jecha. Majipu, tumbo, damu. Hakuna aliyetimiza miaka minne. Nina miaka ishirini na sita, leo ndiyo najua nilikuwa na kaka! Sisi ukiulizwa watoto, unahesabu walio hai.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimerudi kwa daktari, nimemwambia. Kaweka kalamu chini. Chembe nyeupe za damu zinalinda mwili, kasema. Za Masoud zinameza vijidudu lakini haziviui. Hapa hana chombo cha kupimia, ila kwa habari ya wale wawili hana shaka sana. Maradhi haya yanapita kwa mama. Wanawake tunabeba, wavulana ndio wanaougua. Dawa ya kuyaondoa hakuna. Vidonge vya salfa kila siku, labda vitapunguza.
Na Wanu? Huenda kabeba, huenda hakubeba. Aambiwe kabla hajaolewa.
Kwa hiyo ni mimi niliyempa mwanangu. Mimi! Nimelia njia nzima, watu wananitazama.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimemweleza Mama. Kafunga mlango kwanza. Posa itavunjika, kasema, na nani atabisha hodi hapa tena? Wanawe walikwenda kwa kijicho cha watu, basi.
"Ukimwambia Wanu, radhi yangu huna."
Kisha akaanza kulia, na mimi nikashindwa hata kumkasirikia.

Alhamisi, 23 Oktoba, alasiri
Wanu katiwa hina mikono na miguu, hashiki kitu. Nilikuwa namlisha tambi, Masoud kalala kwenye mkeka pembeni yetu. Anacheka, ananitania: "Mie n'tazaa madume matupu, da' Mwanakheir, utaona!" Halafu kamtazama Masoud, kicheko kikakatika.
"Daktari kasemaje khasa? Mama nkimuuliza hanijibu."
Nikasema nakwenda kumletea maji. Gilasi hii hapa, imejaa, na mimi nimekaa kitandani naandika. Mama kasimama ukumbini, ananitikisia kichwa: usimwambie. Wanu ananiita mara ya pili.
Nimeitika. Naam, nakuja —