Mkono Nje ya Pazia

Marshalltown, Johannesburg

Kaka Athumani,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai presha imeshuka, ingawa najua mimi ndiye nitakayeipandisha tena. Mimi mzima. Simu umenikatia mara mbili, basi soma.

Jumanne fujo za kufukuza wageni zilifika hadi kwenye robot ya kona yetu, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Nikashusha mlango wa chuma, nikajifungia dukani na mteja mmoja, Daktari Lalita, mama wa Kihindi aliyestaafu. Mawe yanagonga mlango, sisi tumekaa chini nyuma ya vitenge. Ili tusiyasikilize, nikamlalamikia habari yako: binti yako Rehema kapata nafasi ya kusomea udaktari, nawe umemkatalia, eti mwanamke mwenye staha hashikashiki miili ya watu.

Akanisimulia habari za bibi yake, huko India enzi za Waingereza. Dada wa huyo bibi alishikwa na homa baada ya kujifungua. Mwanamke wa heshima hakuonwa na daktari mwanamume. Alitoa mkono tu nje ya pazia, apimwe mapigo. Mama mkwe akaona hata mkono ni aibu. Akatoa wake mwenyewe. Daktari akapima, akasema mgonjwa hana neno. Kesho yake wakazika.

Ndipo bibi yule akaenda kusomea udaktari. Wanaume walimzomea darasani, jamaa wakagoma kula kwao. Wakamuuliza baba yake kama haoni haya.

"Haya ndiyo iliyomuua mkubwa," akawajibu. "Huyu mdogo ataingia nyuma ya pazia."

Usiniambie hayo ni ya Wahindi. Mama yetu alificha uvimbe wa titi hadi ukapasuka, kwa kuwa hospitali walikuwako wanaume tu. Ni wewe uliyezunguka Tanga nzima kumtafutia daktari wa kike, ukarudi unalia. Leo daktari huyo yuko nyumbani kwako, anakupikia chai, na aliyeziba mlango ni wewe. Staha unayoitetea ndiyo inayomtaka Rehema.

Nisalimie wifi yangu. Najua analia jikoni usimwone. Msalimie na shangazi aliyemwosha Mama kabla hatujamzika. Muulize aliona nini siku ile.

Ukishasikia, kama jibu lako bado ni hapana, usimwambie Rehema. Nenda makaburini kwanza, ukamwambie Mama.

Dada yako,
Mwanahamisi