Kipara cha Mjomba kwenye Chipu

"Muhuri wako ni takataka!"
"Na mashine yako ya urujuanimno ni ya matajiri, Mjomba!"

Ndugu yangu, nimewakuta Mjomba na Dada wanakatana kauli mbele ya mteja! Mjomba anataka mashine ghali ya kuchora chipu za kompyuta kwa mwanga huo wa urujuanimno. Dada anataka kuzigonga kwa muhuri, gharama kidogo. Mteja akizikataa chipu za muhuri leo, Dada hana kazi.

Mteja akainamia hadubini kuzikagua chipu za Dada. "Huyu mwenye kipara ni nani?"

KIPARA! Ile katuni ya Mjomba niliyoichomeka kwenye mchoro wa muhuri, nikasahau kuifuta! Imegongwa kwenye chipu zote mia nne. Na masikio yake yale!

Mjomba akanigeukia: "Chuo kimekushinda, sasa unaniharibia kiwanda? Toka!"
Dada: "Nitakuua." Hakupiga kelele hata. Nitakuua.

Nimeshashika kitasa, mteja hata hajainua kichwa. "Mpaka nywele zake tatu zinaonekana," anasema. "Na chipu zetu zinaghushiwa kila siku; alama kama hii hawataiweza." Akamgeukia Mjomba. "Mzee, naomba kipara chako kibaki kwenye zote."